Skrubu Niliyoipaka Rangi

Gari lile lilikuwa jekundu, la milango miwili, limelala chini hivi kwamba baba yangu aliingia ndani yake mara moja tu, akatoka kwa shida, akasema hatarudia. Nililinunua kwa injinia mmoja Mzungu aliyekuwa anafungasha vitu vyake kurudi kwao baada ya vita kupita mjini. Halikuwa jipya. Lilikuwa limekula miaka kumi hivi, ngozi ya viti imepasuka, na kioo cha upande wa kushoto kilishuka kikipenda chenyewe. Lakini watu wa Kolwezi waliliita "sport", na mimi niliyekuwa ndani yake niliitwa hivyo hivyo. "Sport anapita." Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na nililipenda jina hilo kuliko langu.

Chini ya kapo, yaani boneti, hapakuwa na kabureta kama kwenye magari mengine. Lilikuwa na enjeksio: sindano nne zilirusha esansi, petroli yetu, ndani ya injini, na kisanduku cha umeme ndicho kilichoamua irushwe kiasi gani. Sikuelewa hata nusu ya mambo hayo, ila nilikuwa nikiyaeleza kwa kila aliyenipa sikio. Baba yangu alikuwa msafirishaji, mtu aliyetoka Kasongo akiwa kijana, na malori yake yalibeba unga na samaki wa chumvi kati ya Kolwezi na Lubudi, na mara nyingine hadi Lubumbashi. Kazi yangu ilikuwa kupanga safari za malori hayo. Nilikulia katikati ya injini, na kwa sababu hiyo nilidhani ninazijua.

Nilikuwa nimeoa mwaka huohuo. Mke wangu ni binti wa watu wa Kasai, Wakristo, mzaliwa wa Dilala katika zile nyumba za kampuni ya migodi. Ndoa yetu haikupendwa. Kwetu walitaka Mwislamu, na kwao walimtaka mtu wa kanisa lao. Baba zake wadogo walikuja kikao kizima kumwambia baba mkwe wangu kwamba anampoteza mtoto. Yeye aliwasikiliza wote hadi mwisho, kisha akasema, "Huyu kijana nilimutazama. Hasemake uongo. Inatosha." Mke wangu alikuwa nyuma ya mlango akisikia, na ndiye aliyenisimulia.

Baba mkwe alikuwa fundi. Maisha yake yote alitengeneza pampu za mazutu, yaani dizeli, za malori makubwa yanayoshuka kwenye mashimo ya mgodi wa Mashamba, na alipostaafu alijenga kibanda cha bati uani kwake, akawa anatengeneza magari ya majirani. Sifa yake ilikuwa masikio. Alikuwa na kipande cha mpira, urefu wa mkono, ncha moja akiiweka sikioni na nyingine akiitembeza polepole juu ya injini iliyowashwa, na uso wake wakati huo ulikuwa kama wa daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Kisha angegusa mahali pamoja kwa kidole na kusema, "Ni hapa." Na kweli ilikuwa hapo.

Yote yalianza na baridi. Mwezi wa sita Kolwezi asubuhi mvuke unatoka mdomoni, na gari langu halikupenda. Nililiwasha, likanguruma kidogo, likazima. Nikaliwasha tena, likazima. Majirani walikuwa wanapita kwenda kazini, na mmoja wao, mwalimu, alisimama akaniita "raia" kwa Kifaransa, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile: "Citoyen, sport yako inaogopa baridi?" Watu walicheka. Haikuwa kejeli ya kuumiza mtu, lakini mimi iliniingia hadi kwenye mfupa. Siku nne mfululizo hali ilikuwa hiyo.

Jumapili, mke wangu akiwa kanisani, nilifungua kapo. Mzungu aliponikabidhi gari aliniambia naweza kugusa kila kitu isipokuwa mahali penye rangi. Mahali penyewe palikuwa kwenye kipepeo, yaani kile kisahani kidogo kinachofunguka ukikanyaga mafuta ili hewa iingie kwenye injini. Kando yake kuna skrubu ndogo inayoamua kipepeo kifunge hadi wapi unapoondoa mguu. Kiwanda kilikuwa kimeifunga kwa tone la rangi nyekundu. Nilijua kwamba nikiikaza kidogo, kipepeo hakitafunga kabisa, hewa zaidi itapita, na injini haitazima. Niliikwangua rangi kwa kisu, nikazungusha nusu mzunguko. Sauti ikapanda, nikafurahi, nikazungusha tena.

Kesho yake asubuhi gari liliwaka mara moja na halikuzima. Nilimpungia mkono yule mwalimu. Lakini injini ilipopata moto, ralanti, yaani ile sauti ya chini ya gari likiwa limesimama, haikushuka. Ilibaki juu, inalia kama lori linalopanda mlima, na mshale wa mizunguko umesimama pale unapopaswa kuwa mtu akiwa barabarani. Jioni nilijaribu kuirudisha skrubu. Nilichukua bisibisi kubwa ya malori kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, nikasukuma kwa nguvu, ikateleza. Chuma chake kilikuwa laini. Nilipoinua mkono, kichwa cha skrubu kilikuwa kimeliwa, mfereji wake hauonekani tena. Nilijaribu koleo, koleo halikupata pa kushika. Nikafunga kapo na kujiambia labda itashuka yenyewe.

Haikushuka. Siku ya Alhamisi tulikuwa tunatoka sokoni, mimi na mke wangu. Mbele yetu mama mmoja alikuwa anavuka na beseni la mikate kichwani. Niliondoa mguu kwenye mafuta kama kawaida, lakini gari lilizidi kusukuma mbele, kana kwamba kuna mtu mwingine anayekanyaga. Nilishika breki kwa miguu yote miwili. Lilisimama, kiasi cha hatua moja kutoka kwa yule mama. Yeye aliruka pembeni, beseni likaanguka, mikate ikabiringika kwenye vumbi jekundu. Nilishuka nikaanza kuokota. Mama yule aliokota beseni lake. Aliniuliza, "Tata, ulitaka kuniua?"

"Si mimi, mama. Ni gari," nilisema.

Mke wangu alikuwa amebaki ndani, mkono kwenye tumbo lake, maana alikuwa na mimba ya miezi minne. Niliporudi hakunilaumu. Alisema tu, "Jumamosi tunalipeleka kwa papa."

Nilitafuta sababu. Nikasema papa ni mtu wa mazutu, hili ni enjeksio, tutamsumbua bure. Alinitazama. "Unamuona papa hawezi?" Nikakubali, kwa sababu kukataa kungekuwa kumdharau mzee aliyenipa binti yake.

Hapo ndipo ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja: niligusa skrubu nikaiharibu. Mafundi husikia maneno hayo kila siku. Lakini nilimfikiria akiinama, akikiona kile kichwa kilicholiwa na mikwaruzo ya bisibisi kubwa, na mimi nimesimama pale na shati langu safi, mtoto wa watu wa magari. Kwetu mkwe anajitunza mbele ya baba wa mke wake. Hakohoi ovyo, hacheki ovyo. Mimi niliogopa aibu ndogo.

Ijumaa alasiri, nilipotoka msikitini, mke wangu alikuwa kwa jirani. Nilifungua mkoba wake, nikachukua kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, karibu sawa kabisa na ile ya kiwanda. Niliipaka juu ya skrubu, tone baada ya tone, hadi mfereji ulioliwa ukajaa na kichwa chote kikafunikwa. Nikaipulizia kwa mdomo ikauke. Ilipokauka nikapaka vumbi kidogo kwa kidole ili isiwe mpya mno. Nilirudi nyuma hatua mbili kutazama, na nasema kweli, nilijisifu.

Jumamosi ya kwanza baba mkwe alinipokea kwa furaha. Alikuwa ameosha vyombo vyake na kuvipanga juu ya gunia, kama mtu anayengojea mgeni wa heshima. Alivaa miwani, akainama juu ya injini, akaitazama muda mrefu bila kugusa kitu.

"Ni mara ya kwanza nafungua hii ya sindano," alisema. "Nilisomaka tu mu kitabu." Kisha akaniuliza, "Weye uligusa kintu humu ndani?"

"Hapana, papa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akaniamini. Aliwasha injini, akachukua mpira wake akasikiliza. Baada ya muda alitabasamu. "Hewa. Hewa iko inaingia mingi. Sasa tutafute iko inapitia wapi." Alikuwa amepata ugonjwa wenyewe katika dakika kumi, kwa sikio tu, kwenye gari ambalo hajawahi kulifungua. Ningemwonyesha mahali, angekuwa amemaliza kabla ya chakula.

Alichanganya sabuni na maji, akapaka kila kiungo cha mipira ili aone mapovu yakivutwa. Aliibana mipira mmoja baada ya mwingine kwa koleo lililofungwa kitambaa, asiiumize. Ralanti haikushuka. Akafika kwenye kipepeo. Alisafisha masizi kwa esansi na mswaki, akaangalia kama kinanasa. Kisha kidole chake kikasimama juu ya ile skrubu.

"Hii visi ni ya usine," alisema, kumaanisha skrubu ya kiwandani. "Angalia, balifunga na rangi. Kama usine ilifunga, sisi hatuguse." Kidole kikapita.

Jumamosi ya pili alifungua bomba lote la hewa. Alikuwa amekata kipande kipya cha karatasi ngumu cha kuzibia, kwa mkasi, matundu yake yote yamekaa sawa, kazi nzuri ambayo hata leo naiona mbele ya macho. Mama mkwe alituletea bukari, ugali wetu, na samaki, na baba mkwe alikula upesi, macho yake yakirudi kwenye gari. Alipofunga kila kitu na kuwasha, injini ililia vilevile. Aliizima. Akaiwasha tena, kama mtu anayedhani amesikia vibaya. Akauondoa mpira sikioni, akauangalia ndani, akaupuliza, akaurudisha.

"Niko nasikia hewa," alisema, "lakini pa kuingilia sipaone."

Nilisimama kando yake nikimshikia taa. Nilikuwa namulika kila mahali alipotaka, na nilipokaribia ile skrubu nilihamisha mwanga.

Jumamosi ya tatu hakuwa na furaha tena. Alipokuwa anarudisha bulo, zile bolti za bomba la hewa, aliangusha moja kwenye majani, tukaitafuta wote wawili kwa magoti. Saa tisa alifuta mikono, akaketi kwenye kigoda chake, akaniita nikae. Alizungumza polepole.

"Mwanangu, unisamehe. Nilikupotezea siku. Hii gari ni ya batu ba sasa. Mi masikio yangu ilikwisha."

Mzee aliyeketi mbele yangu, baba wa mke wangu, alikuwa ananiomba msamaha. Na mimi nikamjibu kwa adabu, "Si neno, papa. Hata wengine wangeshindwa."

Nilisema hivyo. Maneno hayo ninayakumbuka kuliko mengine yote.

Wiki iliyofuata nililipeleka gari Lubumbashi, kwa fundi mmoja wa umri wangu aliyekuwa anajulikana kwa magari ya namna ile. Njia nzima nilijaribu kutunga nitakachomwambia. Sikuhitaji. Alifungua kapo, akatazama kipepeo, akaweka ukucha wake juu ya skrubu na kukwangua. Rangi ikatoka kama ganda. Aliinusa, akacheka hadi akashika kiuno.

"Hii ni verni ya banamuke! Ya makucha! Nani alikufanyia hii?"

Ningeweza kusema ni mimi. Fundi yule hakunijua, hatungeonana tena. Hapakuwa na mkwe wala jirani wa kumwogopa.

"Fundi wangu wa Kolwezi," nilisema. "Muzee mumoja wa Dilala."

"Ee, bazee!" Akacheka tena, akawaita wenzake waje kuona.

Alikata mfereji mpya kwenye kichwa cha skrubu kwa msumeno mwembamba, akaizungusha nyuma, na ralanti ikashuka taratibu hadi ikawa sauti ya paka aliyelala. Kisha akanionyesha sababu ya lile gari kuzima asubuhi za baridi. Kulikuwa na kikopo kidogo kinachopitisha hewa ya ziada injini ikiwa baridi na kujifunga ikipata moto. Kilikuwa kimeganda kwa uchafu. Alikiosha kwa esansi, akakirudisha. Ilikuwa ni hicho tu, tangu mwanzo.

Niliporudi Kolwezi mke wangu alitaka tupite Dilala, papa asikie. Baba mkwe alitoka nje akifunga vifungo vya koti. Alisimama mbele ya gari, akafumba macho, akasikiliza.

"Inapumua muzuri," alisema. Kisha akaja dirishani kwangu, akainama, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye njaa. "Alikuta nini?"

Sikuwa nimetegemea swali hilo. Nilidhani atataka tu kujua kwamba limepona. Yeye alitaka kujua hewa ilikuwa inapitia wapi.

"Walitumia appareil, papa. Mashine ya kupima. Ilikuwa ndani ya kisanduku cha umeme."

"Ndani ya umeme," akarudia. Alitikisa kichwa mara kadhaa. "Basi mi ningefanya nini." Na akarudi ndani bila kutuaga.

Haukupita mwezi. Nilikuwa kwenye maegesho ya baba yangu, malori mawili yamerudi kutoka Lubumbashi, na madereva walikuwa wananawa huku wakipiga stori. Mmoja alisema kuna fundi mmoja wa Dilala, mzee, alishindwa kutengeneza sport, akaharibu visi, akaificha kwa verni ya mke wake. Fundi wa Lubumbashi alikuwa anawasimulia wateja wote. Madereva walicheka. Hawakujua ni sport gani, au labda walijua na walidhani nami nitafurahi kwamba fundi aliyeniharibia gari ameumbuliwa. Mimi nilicheka pamoja nao. Nilisikia sauti yangu ikicheka.

Mke wangu aliisikia stori hiyo kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya. Akarudi nyumbani. Alikwenda kwenye mkoba wake, akatoa kichupa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa kimebaki robo, na kwenye kifuniko kulikuwa na alama nyeusi ya grisi, alama ya kidole gumba. Alikiweka mezani mbele yangu.

"Papa hana verni," alisema. "Mama naye hapakake."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, hata kicheko cha maegesho. Alisikiliza amesimama, mikono imeshika mgongo kwa uzito wa mimba. Nilingoja apige kelele, na hakupiga.

"Papa amefunga kibanda," alisema. "Ulijua? Wiki mbili sasa. Watu wanakuja na magari anawarudisha. Mama anasema wanamtazama makucha halafu wanacheka." Akaketi. "Utaenda kumwambia. Na mimi siendi nawe."

Nilikwenda mara mbili nikarudi bila kusema. Mara ya kwanza nilipeleka kilo za sukari, nikakaa, tukaongea mvua. Mara ya pili nilifika hadi kwenye ua, nikaona kibanda kitupu na gunia limekunjwa, nikageuka. Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Baba mkwe alikuwa ameketi kibarazani, mikono juu ya magoti, hana la kufanya. Mama mkwe aliniletea kiti, akaingia ndani.

"Papa," nilisema, "ile visi."

"Ile visi ni weye." Hakuuliza. Alisema.

"Ni mi, papa."

"Na rangi?"

"Ya muke wangu. Yeye hakujua."

Alitikisa kichwa. "Siku ile nilisikia mambo ya verni, nilijua. Mi sikupake kintu. Nani mwengine? Nilikuwa nakungojea." Alitazama barabarani muda mrefu. "Ulijua mi natafuta hewa?"

"Nilijua."

"Siku yote tatu?"

"Yote, papa."

"Nilienda ku lupitalo," alisema, "banipime masikio. Munganga alisema iko mazima. Mi sikumuamini. Nilisema huyu ni mutoto, hajui." Nilikuwa natazama vidole vya miguu yake ndani ya kandambili, kwa sababu sikuweza kutazama juu. "Kumbe hewa ilipita pale tu. Pale pale kidole yangu ilisimama."

Na kwa kitambo kidogo, naapa, uso wake ulifunguka. Alikuwa amepata jibu lake. Kisha ukafunga tena, akawa amenikumbuka.

Nilipiga magoti. Nikamwambia nitakwenda kwa watu wote, nitasimama hata mlangoni mwa kanisa lao, nitawaambia madereva, nitarudi Lubumbashi kwa yule fundi nimwambie kwa kinywa changu. Niliyasema yote haya kwa haraka na kwa moyo kweli, nadhani.

"Hapana," alisema. "Simama."

Nikasimama.

"Ukibaambia, bataseka mutoto wangu. Batasema bwana yake ni muongo. Na bandugu zangu batasema balikuwa na haki siku ile ya kikao. Ana mimba. Sitaki." Akaupungia mkono wake hewani, kama anayefukuza nzi. "Mi ni muzee. Baseke mi. Acha vile."

Nilipaswa kukataa. Kila siku tangu hapo nimekuwa nikijibu maneno yale kwa namna tofauti: kwamba si haki, kwamba jina lake halikuwa la kutolewa kwa ajili yangu. Lakini siku ile nilisema, "Ndiyo, papa." Nilisema upesi mno. Na kifuani nilihisi raha, raha kabisa, kama mtu aliyesimamishwa na askari kisha akaambiwa apite. Naamini aliiona, maana aligeuza uso.

Alifungua kibanda tena baada ya mwanangu wa kwanza kuzaliwa. Wateja walirudi kidogo kidogo, si wote. Alimpenda mtoto yule mno, na kwetu alikuja kila sikukuu, hata za Waislamu, amevaa koti lake la abakosti la kijivu. Nyumbani mwangu hakuniambia neno baya hata moja. Ila hakuniita tena mwanangu; aliniita bwana, kwa Kifaransa. "Monsieur, habari ya kazi?" "Monsieur, asante kwa chakula." Wageni walidhani ni heshima. Mke wangu kila alipolisikia neno hilo aliinuka akaenda jikoni.

Gari nililiuza mwaka uliofuata. Halikuwa na kasoro tena, liliwaka asubuhi zote za baridi, na sikuweza kukaa ndani yake.

Baba mkwe alifariki miaka mingi baadaye, kwa ugonjwa wa kifua. Kwenye matanga, mchana watu wamejaa uani Dilala, wazee walikuwa wanakumbuka maisha yake kama ilivyo kawaida, mema na ya kuchekesha. Jirani mmoja, mtu mwema aliyemlilia kweli, alikumbusha habari za sport na verni. Watu walicheka kwa upole, wengine wakifuta machozi. Walikuwa wanampenda walipokuwa wanacheka. Nilikuwa nimeketi safu ya kwanza kama mkwe. Mke wangu alikuwa ng'ambo, kati ya wanawake, kitambaa kichwani, na aliniangalia moja kwa moja. Niliinuka kwenda kusaidia kupanga viti ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa.

Siku kadhaa baadaye, tukiwa nyumbani, nilijitetea kabla hajaniuliza. Nilisema papa mwenyewe alinikataza.

Alikuwa anakunja nguo za matanga. Hakuacha kukunja.

"Papa alikukataza alipokuwa muzima," alisema.

Watoto wangu ni watu wazima sasa. Wanaijua stori ya babu yao na rangi ya kucha kama inavyosimuliwa Dilala, na huwasimulia watoto wao. Nimewasikia.